Chawa Aliyezikwa Hai

Hotuba kwa wanafunzi wa elimu ya wanyama na wafugaji wa ndege, Morogoro. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikiondoa vikohozi na yale niliyoyarudia mara tatu.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nilipopita getini nikaona tangazo limeandikwa kwa kalamu nene, "LEO: MHADHARA WA CHAWA", nilijua ukumbi utajaa, na nikajua pia kuwa wengine mmefuata chawa wa aina nyingine. Niwatake radhi mapema. Chawa wangu hawamsifii mheshimiwa jukwaani wala hawamshikii mkoba. Wana miguu sita, hawana mabawa, na maisha yao yote, tangu yai lililogandishwa kwenye unyoya hadi kifo, huyamalizia mwilini mwa ndege. Mkitaka wale wengine, subirini kampeni.

Mwanafunzi mmoja alinijia mwaka jana na hasira za mtu aliyekesha akikariri. Chawa aliyemsoma kwa jina moja kwenye kitabu cha zamani, kitabu kipya kinamwita jina jingine. Akaniuliza, "Mzee, hawa wataalamu hawana kazi?" Nilimjibu vibaya siku ile, kwa sababu nilikuwa na haraka. Leo nataka kumjibu vizuri, kama yupo.

Tuanze bandani kwenu. Mfugaji akimfunua kuku bawa akaona kitu kinatembea, atasema utitiri. Jirani yake atasema viroboto. Wa tatu atasema chawa, na wote watatu wataenda duka la pembejeo kununua dawa moja. Utitiri wenyewe akikomaa ana miguu minane, ni jamaa wa kupe. Kiroboto huruka. Chawa hana haraka hiyo. Anakimbia kwa ubavu kati ya manyoya na kujificha. Na kuku mmoja tu wa kienyeji anaweza kuwa na chawa wa spishi tano au sita kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtaa wake. Kwenye manyoya makubwa ya bawa yuko Lipeurus caponis, mwembamba kama kijiti. Kichwani na shingoni, pale ambapo mdomo wa kuku haufiki, yuko Cuclotogaster heterographus. Kwenye manyoya laini ya chini yuko Goniocotes gallinae, mfupi, mviringo. Ngozini, hasa karibu na tupu, yuko Menacanthus stramineus, na huyu ndiye mbaya wenu, kwa sababu hutafuna manyoya machanga na ngozi hadi damu inatoka, kisha huinywa damu ile bila aibu.

Jina stramineus maana yake ni rangi ya nyasi kavu. Nitzsch, profesa wa Halle kule Ujerumani, ndiye aliyempa mwaka 1818. Zamani mtamkuta ameandikwa Menopon stramineum, leo ni Menacanthus stramineus; neno la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, na la pili ni la spishi yenyewe. Mzungu huwa anahangaika sana kuelewa kwa nini mwisho wa neno umebadilika. Sisi hatuna sababu ya kuhangaika. Ni upatanisho wa ngeli. Kilatini kina jinsia za nomino kama sisi tulivyo na ngeli: kisu ni kikali, panga ni kali, wembe ni mkali. Chawa alihamishwa kutoka jenasi ya jinsia moja kwenda jenasi ya jinsia nyingine, na kivumishi kikamfuata. Yeye mwenyewe hakubadilika hata unywele.

Sasa kwa nini alihamishwa? Hapo ndipo penye kazi, na mfano wangu ni njiwa.

Nilinunua njiwa wawili wa kufugwa sokoni. Ukitaka chawa wa ndege bila kumuua ndege, unamshika vizuri, unampaka unga wa pareto manyoyani, ule ule wa maua ya nyanda za juu, unasubiri dakika chache, halafu unamfikicha manyoya juu ya karatasi nyeupe. Chawa wanadondoka kama ufuta. Unawaokota kwa brashi yenye maji na kuwatia kwenye pombe kali. Kisha unayeyusha nyama ya ndani kwa potasiamu haidroksidi mpaka abaki gamba tupu linalopenya mwanga, unamwosha, unamkausha maji kwa pombe, na usiku mzima unamlaza kwenye mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu. Maabara za chawa duniani kote zinanukia kama Pemba wakati wa mavuno. Asubuhi unamtia kwenye utomvu wa mti wa Kanada, balsamu, unamfunika kwa kioo chembamba, unaandika lebo. Hapo ndipo unaweza kumwangalia kwa hadubini.

Chawa wa bawa la njiwa ni mrefu, mwembamba, na mbele ya kichwa ana nywele nene kama miiba. Njiwa akijisafisha kwa mdomo, chawa huyu hulala katikati ya nyuzi za unyoya, akaingia kwenye mfereji wake kama mtoto aliyejificha kwenye mtaro. Mwenzake wa mwilini, mfupi na mpana, anaokoka kwa njia nyingine: anajizamisha kwenye manyoya laini. Mbinu mbili, miili miwili, ndege mmoja.

Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1758, alimwita huyu mwembamba Pediculus columbae. Pediculus ni chawa tu, pamoja na wa kichwani mwenu. Alikuwa na jenasi moja kwa umati mzima, wa kuku, wa njiwa, wa mtu. Baadaye Nitzsch akaangalia maumbo na kugawa. Warefu wembamba akawaita Lipeurus, na humo akamtia wa njiwa pamoja na wa kuku na wa ndege wengine wengi. Wenye vichwa vikubwa akawaita Docophorus, wapana Goniodes, wa katikati Nirmus. Ilionekana akili kubwa, na kwa wakati wake ilikuwa akili kubwa. Mwaka 1916 Harrison, Mwaustralia, akamweka huyu wa njiwa kwenye Esthiopterum. Mwaka 1929 Ewing wa Marekani akamtengenezea jenasi yake, Columbicola, yaani mkazi wa njiwa. Amekaa humo hadi leo: Columbicola columbae (Linnaeus, 1758).

Mabano yale si pambo. Jina la Linnaeus likiwa ndani ya mabano, maana yake ni kwamba yeye alitoa jina la pili tu, na chawa ameshahama jenasi tangu wakati ule. Bila mabano, yuko pale pale alipowekwa. Nimeona tasnifu tatu mwaka huu zilizotupa mabano kama vile ni makosa ya chapa. Vijana, mabano ni historia nzima kwa alama mbili.

Kosa la Nitzsch lilikuwa kuamini umbo. Chawa wa bawa ni mwembamba kwa sababu anaishi kwenye bawa. Wa njiwa alikuwa mwembamba kwa sababu zake, na wa kuku kwa sababu zake, kama vile jahazi la Lamu na mtumbwi wa Ziwa Victoria yalivyo na pua iliyochongoka bila fundi mmoja kumwona mwenzake. Utafiti wa DNA wa karne hii umeonyesha kwamba maumbo haya, wa bawa, wa kichwa, wa mwili, yamezuka mara nyingi, kila safari kivyake, kwenye koo tofauti za ndege. Kwa hiyo Lipeurus ya zamani ilikuwa kambi ya wakimbizi, haikuwa ukoo. Kuivunja kulileta majina mapya mengi, na kila jina jipya lilikuwa na mwanafunzi wake wa kukasirika.

Sasa niwape kisa kilichonifanya nipende kazi hii.

Marekani Kaskazini kulikuwa na njiwa wa kuhamahama, Ectopistes migratorius, kundi lake likipita jua linafunikwa. Walipigwa risasi, wakanaswa kwa nyavu, wakapakiwa kwenye mapipa na kupelekwa sokoni kwa treni, na misitu yao ikakatwa. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Mwaka 1937 Malcomson alieleza spishi ya chawa aliyepatikana kwenye njiwa hao, na kwa kuwa mwenyeji, yaani ndege aliyembeba, amekwisha, akampa chawa jina linalomfaa marehemu: Columbicola extinctus. Aliyetoweka. Kwa miaka sitini chawa huyu alitajwa vitabuni kama mfano wa kimelea aliyeingia kaburini na mwenyeji wake. Wahifadhi walimlilia. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo, nikatikisa na kichwa.

Mwaka 1999 Clayton na Price walichapisha mapitio ya chawa wa njiwa wa Amerika. Walimlinganisha extinctus na chawa wa njiwa mwingine, yule mwenye mkanda mkiani, anayeruka mpaka leo kwenye misitu ya magharibi ya Marekani. Kichwa kile kile, nywele zile zile, viungo vya uzazi vya dume vile vile. Chawa yule mmoja. Miaka yote tuliyokuwa tunamlilia alikuwa kwenye bawa la ndege mwingine, anakula manyoya.

Mtauliza, basi jina limebadilishwa? Hapana. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinakataa kulitupa jina kwa sababu tu maana yake haifai. Jina la kisayansi ni kamba ya mbuzi. Kamba imefungwa kwenye kigingi, na kigingi ni mdudu mmoja kwenye kioo kimoja, yule aliyechaguliwa wakati wa kutoa jina. Ukimhamisha jenasi, umemhamisha malisho, kigingi ni kile kile. Ukigundua spishi mbili zimefungwa vigingi viwili kumbe ni mbuzi mmoja, jina la kwanza kutolewa ndilo linashinda. Maana ya neno haimo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana leo yupo chawa mzima wa afya anayeitwa Aliyetoweka, na hana neno.

Njiwa huyo huyo marehemu alikuwa na kisa cha pili. Mwaka 1969 Tendeiro, Mreno, alieleza chawa mwingine wa mwilini na kumwita Campanulotes defectus, kwa kuwa lebo ya kioo ilisema ametoka kwa njiwa wa kuhamahama. Mwaka 2000 Price na wenzake, walipokuwa wanapanga chawa wa njiwa wa Australia, wakamtambua: ni Campanulotes flavens, chawa wa njiwa wa Australia. Bahari nzima katikati. Mdudu alikuwa sahihi, lebo ndiyo ilikuwa na kosa. Huyu wa pili hakufa wala hakuwahi kuwa hai kama spishi.

Kwa hiyo tuna mashahidi watatu, na kila mmoja anaweza kusema uongo. Umbo, nimeshasema. Mwenyeji wake. Na lebo.

Kuhusu lebo, jina moja lina uzito kwetu Afrika Mashariki. Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kwenye mazungumzo ya amani mwezi Oktoba 1905, baadaye alipata sifa kama mtaalamu wa ndege, na pia alikusanya chawa kwa wingi. Alifanya kazi hiyo pamoja na Theresa Clay wa makumbusho ya London, aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa chawa wa karne iliyopita. Baada ya Meinertzhagen kufa uchunguzi ulionyesha kwamba aliiba ngozi za ndege za wengine, akazitengeneza upya, na kuziandikia lebo za mahali ambako hazikutoka. Wataalamu wa ndege bado wanalipa deni hilo. Fikirini sasa ngozi ya namna ile, na chawa aliyekauka manyoyani mwake. Anayemwokota kutoka ngozi yenye lebo ya uongo anarithi uongo huo pamoja na chawa. Sina la kuongeza juu ya mtu huyo, Wanandi walishayasema yao kabla ya makumbusho.

Lakini lebo haihitaji mwizi ili iharibike. Zamani nilinunua kanga na jogoo sokoni, nikawatia tenga moja, nikapanda nao basi. Nyumbani nikawapaka pareto, kila mmoja karatasi yake, nikajiona mtaalamu. Kwenye kanga nikapata chawa mkubwa, Goniodes gigas. Kwenye jogoo nikapata yule yule. Nikaandika kwa wino wa kudumu: "wenyeji wawili." Halafu usiku, nikioga, nikakumbuka tenga. Saa nne za barabara wakiwa wamebanana bawa kwa bawa! Chawa angeshindwaje kuhama? Na kabla ya tenga langu, walikaa kwenye tenga la mchuuzi. Kweli Goniodes gigas anajulikana kwa wote wawili, na kuna wataalamu waliodhani asili yake ni kanga, kuku akampata baadaye. Lakini vioo vyangu havikuthibitisha lolote. Bado ninavyo. Kwenye lebo nimeongeza neno moja, "tenga".

Kuhusu mwenyeji kama shahidi, mfano mzuri ni heroe wetu wa Natron na Nakuru. Chawa wake wanafanana sana na wa bata. Wataalamu wa kale walisema, basi heroe na bata ni ndugu, kwa sababu chawa hurithiwa kama mapishi ya bibi. Hoja tamu. Kisha DNA ya ndege wenyewe ikaja ikamkalisha heroe karibu na kibisi, yule mzamiaji mdogo wa mabwawa, mbali na bata. Maana yake, chawa waliwahi kuvuka kutoka ndege mmoja kwenda mwingine, pengine kwa kukaa bwawa moja. Kwa hiyo ukimpa chawa spishi mpya kwa sababu tu umempata kwa ndege mpya, unaweza kuwa umeandika jina la pili la mbuzi yule yule. Wengi walifanya hivyo karne iliyopita, wakaacha lundo la majina ambayo wengine wanayafukia hadi leo.

Kinyume chake pia kipo. Jenasi Brueelia ilikuwa ghala la kila chawa wa ndege wadogo aliyekosa pa kwenda, spishi mamia. Mwaka 2017 Gustafsson na Bush walitoa kitabu kizima cha kurasa zaidi ya 400 wakiligawa ghala hilo katika jenasi kadhaa, nyingine za zamani zilizofufuliwa, nyingine mpya. Wenye orodha zao walilalamika. Mimi nililalamika pia, kwa sababu ilinibidi nibandue lebo za droo mbili. Nilipomaliza kuzibandua nilikuwa nimewaelewa chawa wa kwezi vizuri kuliko miaka yote ya nyuma.

Na bado kazi haisimami, kwa sababu chawa wenyewe hawasimami. Kule Utah, Marekani, watafiti walichukua chawa wa njiwa wa kawaida wakawahamishia kwenye njiwa majitu, wa kufugwa, wanene. Ndani ya miaka minne, vizazi kama 60 vya chawa, waliokuwa kwenye majitu wakawa wakubwa. Walipowakutanisha na wenzao wadogo, kupandana kukawa taabu. Miaka minne! Kuna barabara hapa mjini imeanza kujengwa kabla ya hapo. Sasa wale ni spishi moja au mbili? Mimi nasema moja, bado. Ila kigingi nimekishika kwa mkono.

Hata cheo chao kimeshushwa. Zamani chawa walikuwa oda, yaani kundi kubwa la wadudu, inayojitegemea, nao watafunaji walikuwa na jina lao, Mallophaga. Jina hilo limezikwa, kwa sababu chawa wafyonzaji, wale wa mtu na mbwa, wametokea katikati ya watafunaji. Na chawa wote kwa pamoja wamekutwa wamo ndani ya ukoo wa wadudu wadogo wa vitabu na magome, wale wanaokimbia ukifungua msahafu wa zamani. Kwa hiyo oda sasa ni Psocodea. Ndiyo, chawa wa kuku wako na kidudu cha maktabani ni watu wa nyumba moja.

Nimalizie na mmoja ambaye hakurudi. Mwaka 1987 tai wakubwa wa California, kondori, walibaki 27 dunia nzima. Wakakamatwa wote ili wazalishwe kwenye vizimba, na walipoingia wakapakwa dawa ya vimelea, kama ambavyo daktari yeyote wa mifugo angefanya. Walikuwa na chawa wao peke yao, Colpocephalum californici, aliyepewa jina na Price na Beer mwaka 1963. Tangu wapakwe dawa ile hajaonekana. Ndege wamerudi angani, wapo mamia. Huyu jina lake lina maana ya California tu, halisemi lolote la kutoweka.

Muda wangu umeisha, namwona mwenyekiti anatazama saa. Hadubini iko pale nyuma karibu na dirisha. Nimeweka kioo cha Columbicola wa tetere, nilimtoa mwenyewe nyuma ya nyumba yangu wiki iliyopita, na jina lake la pili bado sijaridhika nalo, kwa hiyo kwenye lebo nimeandika kwa penseli. Mkiangalia, zungusheni kile kirungu kidogo. Kile kikubwa msikiguse, kitavunja kioo.